Picha ya Kichwa cha Mama Mdogo

Baba yangu alifariki akiamini kwamba mimi ni daktari wa vichwa. Mara moja tu nilijaribu kumsahihisha. Nilimwambia udaktari wangu ni wa vitabu, wa kuchunguza jinsi neva zinavyopeleka habari kwenye ubongo, na kwamba hata jipu siwezi kulitumbua. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Lakini barua zako zimeandikwa Daktari." Kesho yake asubuhi nilikuta watu wameketi uani kwetu kando ya migomba, huyu na kidonda chake, yule na mtoto wake, wananisubiri. Sikuwa na la kuwapa. Niliwaelekeza zahanati, ambako wengi wao ndiko walikotoka.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa nimerudi nyumbani, upande wa Mwika, baada ya kukaa ng'ambo miaka mingi kiasi kwamba Kichagga changu kilianza kuwa na kutu. Nilikuwa mmoja wa vijana waliopelekwa kusoma nje muda mfupi baada ya Uhuru. Usharika mzima ulikuja kuniaga, na mchungaji aliniombea akiwa ameniwekea mikono kichwani. Sasa nilikuwa nimerudi kwa miezi minne tu, na sikurudi kwa ajili yao. Nilitumwa.

Inafaa nieleze kazi niliyokuwa nayo, maana hata leo nikiitaja watu hunikazia macho. Katika vyuo vikuu vya huko, mtu akishapata shahada ya udaktari hapewi ualimu papo hapo. Anatafuta nafasi ya utafiti katika maabara ya profesa fulani, kwa mkataba wa mwaka mmoja au miwili. Si mwanafunzi tena, na mwalimu bado. Ni kama mgeni aliyekaribishwa mpaka barazani akaambiwa asubiri hapo. Mkataba ukikaribia kwisha, anausoma uso wa profesa wake kama mkulima anavyoyasoma mawingu. Baba aliniandikia kila mwaka akiuliza, "Hivi bado tu unasoma?" Nami nilijibu kwamba sasa ninafanya kazi, na mwaka uliofuata aliuliza tena.

Profesa wangu alichunguza ubongo wa watu wenye kifafa. Alitaka picha za vichwa vya wagonjwa ambao hawajawahi kumeza dawa yoyote, na kwao wagonjwa wa namna hiyo walikuwa hawapatikani tena. Siku moja aliniuliza, "Kwenu wapo?" Nikajibu haraka, kwa furaha, kama mtu aliyeulizwa kama kwao kuna ndizi. "Wapo wengi." Sikumwambia kwamba mmoja wao ndiye aliyenilea.

Alikuwa mdogo wake mama yangu, nami nilimwita Mama mdogo. Kifafa kilimwanza akiwa msichana wa darasa la kipaimara. Alianguka motoni siku moja akibandika sufuria, na mkono wake wa kushoto ukabaki na kovu linalong'aa kutoka kwenye kiganja hadi kiwikoni. Hakuolewa. Alikuja kuishi kwetu, akapewa bakuli lake na kikombe chake, kwa sababu watu waliamini kwamba povu la mwenye kifafa huambukiza. Hakuruhusiwa kushuka tambarare kukata majani ya ng'ombe na wanawake wenzake, wala kuvuka mfereji peke yake. Mama alimkataza kunibeba. Basi alinibembeleza akiwa ameketi chini, mgongo ameuegemeza ukutani na miguu ameinyoosha, ili akianguka nisianguke naye. Jambo hilo mama alinisimulia nilipokuwa mkubwa. Mimi ninachokumbuka ni harufu ya moshi kwenye nguo zake, na kwamba hakuwa na haraka kamwe.

Miaka ile mashine ya kuona ubongo kwa nje haikuwa imetufikia. Eksirei ya kawaida huonyesha mfupa tu. Ili ubongo uonekane, daktari alimketisha mgonjwa kwenye kiti, akamchoma sindano sehemu ya chini ya uti wa mgongo, akatoa maji yanayozunguka ubongo, kisha akaingiza hewa mahali pa yale maji. Hewa ilipanda hadi kichwani, ikajaza vyumba vilivyomo katikati ya ubongo, na kwenye picha vyumba hivyo vikatokea vyeusi. Wataalamu walijifunza mengi kwa njia hiyo. Lakini mgonjwa aliumwa kichwa kama kinapasuliwa kwa shoka, akatapika, na hali hiyo iliweza kudumu siku tatu au nne. Nilikuwa nimewaona wengi huko ng'ambo wakipitia hayo. Nilijua.

Tulikuja wawili: mimi na daktari kijana wa huko, ambaye ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuchoma sindano. Tulipata barua zote za serikali, na mabalozi wa nyumba kumi wakapita wakitangaza kwamba wenye kifafa waletwe mjini. Hospitali ndogo moja ya Moshi ilituazima chumba chake cha eksirei siku tatu kwa wiki. Ilituazima pia muuguzi mmoja, mama wa makamo aliyekaa mtaa wa Pasua, mpole, asiyesema sana.

Mwanzoni tulifanya mambo kama yanavyopaswa. Nilimweleza kila mtu kila kitu. Nakumbuka baba mmoja, mkulima wa mpunga wa Chekereni, aliyekuja na binti yake wa miaka kama kumi na sita. Nilimweleza kuhusu sindano, hewa na maumivu. Aliniuliza swali moja tu.

"Akishapigwa hiyo picha, atapona?"

"Hapana," nikasema. "Ni ya kutusaidia sisi kujua."

Alimshika binti yake mkono, akanishukuru kwa heshima, akaondoka. Waliokuwa nje walimuuliza ameambiwa nini, na baada ya muda mfupi benchi lilibaki tupu. Wiki tatu zilipita tukiwa na picha nne.

Ndipo ikaja barua ya profesa. Ilikuwa fupi na yenye adabu. Alisema kwa picha nne hakuna la kuandika, na kwamba mkataba wangu, kama ninavyojua, unaisha mwaka huo. Ikiwa kazi ya huko haitazaa kitu, ataona vigumu kuniombea nafasi nyingine. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye korido ya posta. Niliyaona maisha yangu yote yakirudi nyuma: barazani, kisha nje ya baraza, kisha kwenye migomba ya baba, nikiwa Daktari asiyeweza kutumbua jipu.

Jumapili iliyofuata nilipanda nyumbani. Baada ya ibada tulikula machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, na Mama mdogo alikuwa ameketi mahali pake karibu na mlango, akila kutoka kwenye bakuli lake. Akaniuliza kwa Kichagga, bila kuinua uso, "Hiyo picha mnayowapiga watu vichwani, mimi hamnihitaji?"

Nilikuwa nimelikwepa swali hilo tangu nifike. Nikamuuliza kwa nini anataka.

"Nimekaa na kitu hiki tangu nikiwa msichana," akasema. "Kila mtu amekiona nikianguka, isipokuwa mimi. Ningependa kujua kinafananaje."

"Nitakuonyesha," nikasema.

"Inauma?"

Huo ndio wakati. Mtu husema ameteleza, au amepitiwa. Mimi sikupitiwa. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kufikiri, na nilifikiri. Nilimfikiria yule baba wa Chekereni na lile benchi tupu. Kisha nikasema, "Kidogo tu. Kama sindano ya chanjo."

"Basi nitakuja," akasema, akaendelea kula.

Alikuja siku ya Jumatano, mimi nikiwa nimemfuata kwa Landrova ya mradi. Alikuwa amevaa gauni lake la Krismasi, amejipaka mafuta mikononi mpaka lile kovu linang'aa, na kichwani amefunga kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Sikuelewa mara moja. Tulipofika chumba cha eksirei akaniuliza kama akivue kitambaa au picha itapendeza zaidi akiwa nacho. Ndipo nilipoelewa kwamba kwake yeye picha ilikuwa picha. Alijipamba kwa ajili ya kupigwa picha.

"Kivue tu, Mama mdogo," nikamwambia.

Palikuwa na karatasi ya kukubali, iliyoandikwa kwa Kiingereza, nami ndiye niliyekuwa nikiwasomea wagonjwa kwa Kiswahili. Ilikuwa na aya nne. Aya ya tatu ndiyo iliyotaja maumivu na kutapika, na kwamba mgonjwa anaweza kukataa wakati wowote bila kosa. Nilimsomea ya kwanza na ya pili, kisha nikaenda ya nne. Muuguzi alikuwa amesimama nyuma yetu na beseni. Alikuwa ameisikia karatasi hiyo mara nyingi, nikimsomea huyu na yule. Nilihisi ananitazama shingoni. Sikugeuka.

Mama mdogo hakutaka kuweka dole gumba. "Mimi nimesoma," akasema. Akaandika jina lake polepole, herufi moja baada ya nyingine, akaliangalia, akalirekebisha mahali pamoja.

Sitaeleza yote yaliyofuata. Alipochomwa sindano alinishika mkono. Hewa ilipoanza kupanda alifungua macho makubwa, kama mtu aliyeitwa kwa nyuma, kisha akapiga kelele akimwita mama yake, bibi yangu, aliyekuwa amefariki siku nyingi. Daktari akaniambia, "Mwambie asitikisike, picha itaharibika." Nami nikamwambia. "Usitikisike, Mama mdogo. Tulia." Akatulia. Machozi yalimtiririka, mdomo ulitetemeka, lakini kichwa hakikucheza hata kidogo, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia.

Picha ilitoka safi kuliko zote. Daktari aliiinua kwenye mwanga ikiwa bado inachuruzika maji, akanipiga begani. Vyumba vya ubongo vilionekana dhahiri kama vimechorwa kwa wino. Nilifurahi. Ninaandika hili kwa sababu ndilo linalonitesa zaidi kuliko uongo wenyewe: nilifurahi kweli, na kwa muda nilioishika ile picha nilisahau kabisa ni kichwa cha nani.

Alilala wodini siku nne. Hakuweza kuinua kichwa. Muuguzi wa Pasua ndiye aliyemsafisha, akamlisha uji kwa kijiko akiwa amelala. Mimi niliingia na kutoka, nikijifanya nina kazi. Siku ya tatu alasiri alifungua macho akanikuta nimesimama miguuni pa kitanda.

"Mwanangu," akasema.

"Naam, Mama mdogo."

"Ulijua kwamba itakuwa hivi?"

"Sikujua," nikasema.

Akafumba macho. "Najua," akasema. "Ungejua, ungeniambia."

Nilipomrudisha nyumbani, barabara ilikuwa mbovu na kila shimo lilimfanya ashike kichwa kwa mikono miwili. Mama alikuja kutupokea penye mfereji. Alimtazama mdogo wake akishuka kwenye gari ameshikiliwa kwapani, akanitazama mimi. Alisema maneno mawili matatu tu. "Ulimchukua akitembea." Halafu akamshika upande wa pili.

Kabla hatujaondoka nchini, yule daktari aliwapa wagonjwa wote vidonge vya kifafa, na Mama mdogo alipata vya miezi sita. Vilimsaidia sana. Aliyekuwa akianguka karibu kila wiki alikaa mwezi mzima bila kuanguka, na mama akaniandikia kunishukuru. Kwa miaka mingi barua hiyo ndiyo niliyojifunika nayo. Nilijiambia kwamba kama si mradi wetu, angepata wapi dawa? Lakini vidonge havikuhitaji picha. Daktari angeweza kumpa siku ya kwanza, papo hapo uani, kwa kumsikiliza tu. Hilo pia nililijua.

Niliahidi kutuma vingine. Nilituma mara mbili. Mara ya tatu kifurushi kilikwama mahali, nikaandika barua moja, sikujibiwa, nikaacha. Nilikuwa na shughuli.

Shughuli yenyewe ilikuwa ni ile picha. Tulirudi na picha kumi na moja, na profesa alizitandaza mezani akachagua ya Mama mdogo bila mimi kusema neno. Katika mkutano wa wataalamu niliiwasilisha mimi. Ilimulikwa ukutani, kubwa kuliko mlango wa kanisa letu, na chini yake pameandikwa: mgonjwa namba tano, mwanamke, umri haujulikani. Umri wake ulijulikana. Alizaliwa mwaka ambao babu alipanda kahawa yake ya kwanza, kila mtu kwetu alijua hivyo, lakini hakuna aliyeniuliza wakati wa kujaza fomu, nami sikusema.

Nilipomaliza, mama mmoja mzee aliyekaa mstari wa mbele aliinua mkono. "Wagonjwa walilistahimili vipi zoezi hili?" akauliza.

"Vizuri sana," nikajibu. "Hatukupata tatizo lolote."

Walipiga makofi. Mwezi uliofuata nilipewa mkataba wa miaka miwili mingine, na baada ya hapo mwingine tena.

Kisha ikaja mashine mpya. Ilikuwa kama pete kubwa. Mgonjwa alilazwa, kichwa chake kikaingizwa kwenye pete, mashine ikazunguka, na ubongo ukaonekana kipande kwa kipande kama mkate uliokatwa. Hapakuwa na sindano wala hewa. Walipoileta chuoni kwetu walihitaji mtu asiye mgonjwa wa kuijaribu, nikajitolea. Nililala pale, nikasikia mlio kama wa cherehani, nikaambiwa nimemaliza. Niliinuka, nikavaa viatu. Mwenzangu alikuwa ameshanimiminia kahawa. Nilikishika kikombe, nikakaa nikikiangalia mpaka kahawa ikapoa. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, siumwi popote. Na ndilo lilikuwa tatizo: sikuumwa popote.

Mashine hiyo ilihitaji watu wa hesabu na kompyuta. Sisi wa picha za hewa hatukuwa na kazi tena. Profesa aliniita ofisini, akanisifu sana, na mkataba wangu ukaachwa uishe wenyewe. Niliomba nafasi kwenye vyuo vingine, barua nyingi, na majibu yote yalikuwa ya adabu. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nikarudi nyumbani, nikapata kazi ya kufundisha baiolojia katika shule moja ya sekondari mjini Moshi.

Nilirudi wakati mgumu. Vita vilikuwa vimepita na kuacha maduka matupu. Watu walipanga foleni ya sukari tangu alfajiri, na kipande cha sabuni kilikatwa kwa uzi na kugawanywa. Kwa sababu hiyo kurudi kwangu kulionekana jambo kubwa. Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano, akasimama mbele ya watu akasema, "Huyu ndugu alikuwa na vyeo Ulaya. Ameviacha vyote, amekuja kujenga taifa. Nani kati yenu angefanya hivyo?" Walinivisha shada la maua. Nilipoombwa kusema, nilisema ninawashukuru, na kwamba nyumbani ni nyumbani. Mama mdogo alikuwa pale, ameketi na wanawake. Alikuwa anapiga makofi kama wengine.

Ni mama aliyeniambia habari za dawa. Nilimuuliza mama jinsi Mama mdogo alivyoishi nilipoacha kutuma vidonge. Akanijibu kwamba zahanati ilikuwa navyo mara moja moja tu. Walipokosa, Mama mdogo alianguka siku tatu mfululizo, mpaka wakadhani anakufa. Tangu hapo mama alikuwa akienda Tarakea, kwenye mpaka wa Kenya. Mpaka ulikuwa umefungwa, lakini palikuwa na wanawake waliovuka kwa njia za panya kuleta sabuni na mafuta ya kupikia, na yeye akawaagiza dawa. Alikwenda kwa miguu sehemu kubwa ya njia, kwa magoti yale. Hakunilaumu. Alinisimulia kama mtu anavyosimulia ukame uliopita.

Nikaamua nitamwambia Mama mdogo ukweli. Ilinichukua karibu mwaka kuamua, na hata nilipoamua niliogopa. Kwa hiyo nikafanya kitu nilichodhani ni cha busara na cha heshima. Nilikwenda mpakani mwa kihamba chetu, shamba la ukoo, nikakata jani la sale, ule mmea unaopandwa mipakani, nikalikunja kama wazee wanavyolikunja. Kwetu mtu aliyekosa akikuletea sale kuomba msamaha, hulikatai. Anayelikataa hujitafutia balaa, yeye na nyumba yake. Hata Walutheri wa mstari wa mbele kanisani hawalichezei jambo hilo.

Nilimkuta mbele ya nyumba, ameketi na ungo mapajani akichambua kahawa, akitupa punje mbovu pembeni. Alikuwa amezeeka, nywele zimekuwa nyeupe pembezoni.

"Shikamoo, Mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilipiga magoti, nikamnyooshea lile jani kwa mikono miwili. Nikasema, "Siku ile hospitalini uliniuliza kama nilijua. Nilikwambia sikujua. Nilijua. Nilijua kabla hujatoka nyumbani."

Hakushtuka. Alilitazama jani, akanitazama mimi, kisha akaweka ungo chini taratibu.

"Yule muuguzi wa Pasua aliniambia," akasema. "Siku ya pili. Aliniambia kuna maneno kwenye karatasi uliyaruka."

Sikuelewa. "Siku ya pili? Lakini uliniuliza siku ya tatu."

"Ndiyo. Nilikuuliza ili uniambie mwenyewe."

Nilibaki nimepiga magoti, mikono imenyooka. Nikakumbuka alivyofumba macho na kusema ungejua ungeniambia. Miaka yote hiyo nilidhani alikuwa ananiamini. Alikuwa ananipa nafasi ya pili, na niliposhindwa nayo akanisitiri.

"Nisamehe," nikasema.

Akachukua lile jani. Aliligeuza geuza vidoleni, mkono wenye kovu chini ya mkono mzima. "Nimepokea," akasema. "Ningefanyaje? Sale halikataliwi." Kisha, bila hasira, kama anayemweleza mtoto, "Umenishika tena, unaona? Siku ile hukuniacha niseme hapana. Leo pia umekuja na kitu ambacho siwezi kukikataa. Ungekuja mikono mitupu, ningejua la kukujibu."

Nilitamani anitemee mate. Nikatazama chini kwenye zile punje mbovu alizozitupa.

Aliliweka jani kando ya ukuta, akachukua ungo wake. Kisha akauliza, "Mliona nini humo?"

"Wapi?"

"Kichwani mwangu. Ulisema utanionyesha."

Picha ilikuwa ya chuo, haikuwa yangu, na hata nakala sikuwa nayo. Nikamweleza kwa maneno. Nikasema katikati ya ubongo wa kila mtu kuna vyumba vya maji, na kwamba chake cha kushoto kilikuwa kikubwa kidogo kuliko cha kulia.

"Ndiyo sababu naanguka?"

"Huenda. Hatukuwa na hakika."

"Na wale wengine?"

"Wengine vyao vilikuwa sawasawa."

"Kwa hiyo hamkujua."

"Hatukujua, Mama mdogo."

Aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kahawa. Nilidhani atasema kitu kingine, lakini alisema tu, "Sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Nikasogea, nikaketi upande wa pili. Sikujua kama niondoke au nibaki. Mwishowe nilinyoosha mkono nikaanza kuchambua naye, nikiweka punje nzuri kwenye ukingo wa ungo ulio karibu nami. Hakunizuia. Kila alipomaliza za upande wake, alizivuta zangu kwake taratibu, akazipitia tena moja moja.